Mwalimu Nyambura na Somo la Mchawi

Alasiri, katika chumba cha ghorofa ya pili mtaa wa Ghubra, jijini Maskati, Mwalimu Nyambura Kariuki anachonga boga. Anatoboa macho, pua, kisha mdomo wenye meno mawili. Watoto wa darasa lake la Kiingereza wamemzunguka wakicheka, na hakuna anayeruhusiwa kulishika boga kabla hajalitaja kwa Kiingereza.

Somo ni sikukuu ya kutishana ambayo Wazungu huiadhimisha mwisho wa Oktoba, watoto wanapojivika kama mizuka na kupita nyumba hadi nyumba wakiomba peremende. Imo kitabuni, na imo kwenye mtihani wa Desemba. Kuna "ghost", yaani mzuka. "Skeleton", mifupa mitupu ya mtu. Na "witch", mchawi. Hilo la mwisho nusura limrudishe kwao Nyeri, Kenya.

"Mimi hufundisha kwa kuigiza," anasema. "Mtoto akiona, hasahau."

Basi mwaka jana, alipofika kwa mchawi, alitafuta nguo nyeusi ndefu. Joy, Mkenya mwenzake anayeishi naye, alikuwa na abaya ya kazini. Nyambura akaivaa, akashika ufagio, akazunguka darasa. Watoto wakavunjika mbavu, naye mwalimu akajipongeza. Hakufikiria kwamba karibu kila mama anayewasubiri watoto hao mlangoni huvaa abaya.

Kesho yake alikuja Bi Sayyida, mzaliwa wa Unguja, bibi wa mwanafunzi aitwaye Bashayer. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mwalimu.

"Mjukuu wangu karudi jana kaniuliza, 'Bibi, na weye mchawi?'" alisema. "Mie nguo hii nnaivaa tangu usichana wangu. Nimjibu nini?"

Mkuu wa kituo cha lugha anakofundisha alimtaka Nyambura aombe radhi na airuke sura hiyo nzima ya kitabu. Nusu ya darasa ni ukoo wa Bi Sayyida. Wakiondoka, darasa linafungwa, na viza ya mwalimu inafuata. Mwanawe Douglas yuko kidato cha tatu Nyeri, na karo yake inatoka Maskati.

Kuomba radhi, Nyambura hakusita. Aliona haya mpaka machozi yakamlenga. Kuiruka sura, alikataa.

"Nguo nilikosea, Bibi, na nimekosa sana. Nisamehe," alimwambia. "Lakini maneno siwezi kuyaficha. Hawa watoto watayakuta kwa mtihani, na mimi sitakuwa hapo kuwasaidia. Keti uone venye nafundisha. Ukiona ubaya, uwachukue wote."

Bi Sayyida akaketi, mkoba mapajani. Nyambura akaanza kueleza jinsi watoto wa Kizungu wanavyobisha hodi na kuomba peremende. Bashayer akainua mkono: hiyo si ni Qaranqashu? Darasa zima likaitikia. Katikati ya Ramadhani wao pia hupita mlango kwa mlango, wakiimba, na kila nyumba huwatilia peremende na karanga mifukoni. Nyambura alikuwa amewaona watoto hao kila mwaka tangu afike Maskati. Kuuliza si ujinga, lakini yeye hakuwahi kuuliza.

"Ila sie hatutishi mtu," Bi Sayyida alidakia. "Sie twaimba, na anayetoa twamwombea kheri."

Mwalimu akamwomba awaeleze watoto tofauti hiyo, nao waiseme kwa Kiingereza. Bibi akaeleza, watoto wakasema, mpaka kipindi kikaisha.

Jumapili iliyofuata, siku ya kwanza ya juma la masomo huko, Bashayer alikuwa kwenye kiti chake, na kando yake binamu yake Ayman, mwanafunzi mpya. Bi Sayyida hakutoa maelezo. Alisema tu kwamba Kiingereza cha huyu nacho ni kibovu.

Sasa Nyambura anaandika kijitabu chake cha maneno kwa watoto wa Maskati. Ndani yake Qaranqashu itatangulia, mizuka itafuata. Ana nia ya kukimaliza kabla ya Ramadhani, ambapo amealikwa nyumbani kwa Bi Sayyida kuwapokea watoto mlangoni.

"Kukosea nitakosea tena, mimi ni mgeni," anasema. "Lakini siku hizi nauliza. Bashayer atamsomea bibi yake kila ukurasa kabla sijachapisha. Bibi akiukataa, tutaketi tubishane mpaka tuelewane."