Kiti cha Kumfunga Mtoto

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miezi tisa, kikapu kilikuwa hakimtoshi tena. Nikisema kikapu nasema kikapu hasa, cha matete, kirefu, chenye mishikio miwili. Tulikiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari letu dogo na kukibana kwa mito pande zote. Mtoto mchanga hulala humo vizuri. Lakini ukiona utosi wake umegusa ukingo, na ukiona ameshika pembeni anajivuta ainuke, jua kikapu kimemaliza kazi yake, na usingoje aanguke ndipo uamini.

Ndivyo nilivyozoea kusema. Nilikuwa muuguzi katika kliniki ya watoto mjini Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi, na kazi yangu kubwa kuliko kupima uzito na kuchoma sindano ilikuwa kueleza. Nilieleza uji mwepesi na uji mzito, nilieleza kwa nini maji yachemke. Mama akirudi na swali lile lile mara ya tatu, nilianza upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Sijisifu. Nataka ujue kwamba kueleza hakukunishinda.

Kiswahili kilikuwa lugha yangu ya nyumbani, kwa kuwa nilizaliwa katika kambi ya polisi, baba yangu akiwa askari. Uuguzi nilisomea Kenya. Mume wangu alikuwa fundi katika karakana ya serikali. Tuliishi Ntinda, na gari letu lilikuwa kuukuu, alilolifufua kwa mikono yake. Jumapili tuliteremka nalo hadi Ggaba kununua samaki.

Huko Kenya nilikosomea, katika wodi ya watoto, niliwahi kumwona mtoto aliyetolewa kwenye gari lililofunga breki kwa ghafla. Daktari aliyekuwa akitufundisha alituambia jambo ambalo sikulisahau: gari likisimama, mtoto aliyemo hasimami, anaendelea na safari peke yake mpaka akutane na kioo. Akatuonyesha picha za viti vya watoto. Kuna kinachoning'inia kwa kulabu kwenye mgongo wa kiti cha watu wazima. Hicho kinamkalisha mtoto tu, hakimzuii. Na kuna kinachokazwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, chenye mikanda miwili ya mabegani na mmoja wa kiunoni. Hicho ndicho kinachozuia. Ukikuta viti viwili dukani, usitazame rangi wala usukani wa kuchezea. Tazama kimeshikwa na nini, na mtoto ameshikwa na nini. Na usione haya kumketisha mwanao humo papo hapo dukani, uone kama mikanda inamfika.

Basi nilikuwa nakitafuta hicho cha bolti, na nilikuwa nakitafuta katika mji ambao hata sabuni ilikuwa shida. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, na maduka yao yamegawiwa. Waliogawiwa tuliwaita mafuta mingi, nasi tulilitamka jina hilo tukiwa tumebana midomo. Mwanamke mmoja wa hao alikuwa akija kliniki kwangu. Mumewe alikuwa sajini wa jeshi, mtu wa kaskazini, na yeye alikuwa amepewa duka la vyombo vya nyumbani pamoja na stoo yake ya nyuma. Mtoto wake wa kike alipishana na wangu kwa wiki tatu tu. Nilipomweleza shida yangu siku ya kupima uzito, alisema, "Sista, kuja kwa duka. Huko nyuma iko vitu mingi, hata mimi sijui majina yake."

Nilikwenda Jumamosi mchana, mtoto wangu nikiwa nimembeba mgongoni. Stoo ilikuwa na mablanketi, pasi za umeme, baiskeli ya magurudumu matatu, na vitu vya nyumbani ambavyo havikuwa vipya. Viti vya watoto vya kuwekwa garini vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa cha turubai jekundu, cha kulabu, kina usukani mdogo wenye honi inayolia. Cha pili kilikuwa cha plastiki ngumu, kizito, rangi ya maziwa, mikanda yake imekunjwa, na bolti na nati zake zimo ndani ya kifuko kilichofungwa kwa uzi. Nilipopitisha kidole kwenye mkunjo wa kitambaa chake nilitoa makombo ya biskuti. Mtoto fulani alikuwa ameketi humo kabla ya kuondoka nchini. Niliyapangusa kwenye gauni langu nikaendelea kukagua.

"Hii kubwa nilitaka kuweka kwa gari ya bwana," alisema mama yule, akikigonga kile cha plastiki kwa vifundo vya vidole. "Ni nguvu. Wewe chukua hii ya honi, mutoto atafurahi. Lakini wewe ndiye unajua, Sista. Hii kubwa kazi yake ni nini?"

Nikamwambia, "Hiki ni cha kumfunga mtoto."

Lilikuwa neno la kawaida, na sikulichagua kwa hila. Kufunga mkanda, kufunga kamba ya kiatu, kufunga mlango. Lakini niliona uso wake ukibadilika.

"Kufunga?"

"Ndiyo. Unamfunga hapa, na hapa."

Akauachia mkanda aliokuwa ameushika. Unapaswa kuelewa neno hilo lilikuwa limefanywa nini katika mji wetu. Fulani amefungwa. Wamemfunga mikono, wamemtia kwenye buti ya gari. Wake za wanajeshi walilijua kuliko sisi. Wao waliishi na watu waliorudi nyumbani kutoka kazini.

"Nimufunge mutoto yangu kwa gari kama mufungwa?" alisema polepole. "Kwa gari ya baba yake? Hapana, Sista. Watu watatuona namna gani?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nilijua alichokisikia, na nilijua kuwa sicho nilichokisema. Lugha ni yangu, ningeweza kupata neno lingine kabla hajamaliza kupumua: mikanda hii inamshika, mama, inamshika kama unavyomshika wewe, isipokuwa haichoki. Mtoto wake alikuwa ameketi sakafuni kati yetu akiipiga ile honi, na kila ilipolia alitutazama aone kama tumesikia.

Sikusema. Nilikaa kimya, naye akanitazama akingoja, kwa sababu alizoea kwamba mimi nikinyamaza huwa natafuta namna nzuri zaidi ya kueleza. Kisha nikasema, "Kweli, hiki kinafunga. Hicho cha turubai mtoto anakaa huru, anaona mbele."

"Eh, huru. Hiyo ndiyo nataka." Akacheka, akaniegemea kidogo begani. "Wewe chukua hii ya jela. Mutoto yako ni kijana, kijana atavumilia."

Nikacheka naye. Nilikibeba kiti kichwani hadi stendi ya teksi, mtoto akiwa mgongoni, na njia nzima nilikuwa na maneno tayari ya kujitetea. Kwamba yeye hakuhangaikia chochote cha duka lile. Kwamba mumewe alikuwa na nguvu za kupata kiti kingine popote, na sisi hatukuwa nazo. Nilijiona kama mtu aliyerudisha kidogo tu cha haki, ingawa makombo yale ya biskuti hayakuwa yangu wala yake. Baadaye nilijiambia pia kwamba niliogopa mke wa sajini, na nilishikilia sababu hiyo kwa muda mrefu kwa kuwa ilikuwa ya heshima zaidi. Lakini siku ile dukani sikumwogopa. Nilikitaka kiti.

Mume wangu alitoboa matundu manne kwenye bodi ya gari na kukikaza. Mtoto alikipenda. Nilikuwa nikigeuka barabarani na kumwona ametulia, mikanda imemkaa vizuri mabegani, na nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi bila kumkumbuka mtu yeyote.

Baada ya miezi miwili hivi, mama yule aliingia kliniki siku isiyo yake ya kupima uzito. Mtoto alikuwa na plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko. Mdomo wa juu ulikuwa umeshonwa, na meno mawili ya mbele, yale yale tuliyoyashangilia pamoja yalipotoka, hayakuwapo. Walikuwa wakienda Kyebando kuona jamaa. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa kimewekwa barabarani mahali ambapo jana yake hakikuwapo, nyuma ya kona, na sajini alifunga breki kwa nguvu zote, kwa sababu hata yeye alijua vijana wa vizuizini hawasubiri kuuliza. Kulabu zikachomoka. Kiti na mtoto vikaruka pamoja mpaka kwenye dashibodi.

Aliketi mbele yangu akanishika mkono.

"Sista, nimekuja kusema asante."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Bwana anasema, kama angekuwa kwa mapaja yangu, angepita kwa kioo. Ile kiti yako imemuokoa. Nimeambia wanawake wote kwa kambi, endeni kwa ile sista, ile inajua kila kitu."

Nilimchukua mtoto. Nilikagua mshono, nikatazama vidole vilivyotokeza kwenye plasta kama vina joto na kama vinachezacheza, nikamweleza mama jinsi ya kumwogesha bila kuilowesha. Nilieleza vizuri sana. Sauti yangu ilikuwa ile ile. Mtoto alikuwa akinitazama tu, hakulia, na alipojaribu kutabasamu ule uzi ukamvuta mdomo akaacha.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu akifungue kiti.

"Kimeharibika?" aliuliza.

"Hakijaharibika. Nataka kumpelekea mama wa duka. Mtoto wake ameumia."

"Na wetu atakaa wapi?"

Kabla sijajibu akasema mwenyewe, "Lakini hata hivyo, petroli yenyewe hatuna." Akaenda kutafuta spana.

Ilikuwa kweli. Gari lilikuwa limesimama uani wiki ya tano, kuku wanalala chini yake, na hakuna aliyejua lini tungepata mafuta. Aliyekuwa na mafuta ni sajini. Nakueleza hili usije ukanipa sifa isiyo yangu. Nilitoa kitu ambacho siku hizo hakikuwa na kazi kwangu.

Nilikipeleka Jumatatu baada ya zamu. Mama yule alikuwa nyuma ya kaunta, mtoto amemlaza kwenye mkeka. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno: nilikudanganya, nilijua kipi ni salama, nikakuachia kibaya. Ni maneno machache. Nilikiweka kiti juu ya kaunta.

"Nimekuletea hiki," nilisema. "Wangu amekua, hakimfai tena."

Mtoto wangu alikuwa na miezi kumi na moja. Kiti kingemfaa hadi miaka minne.

Mama alikunja uso. "Si ndiyo hii ya kufunga?"

"Hakifungi," nilisema. "Nilitumia neno baya. Kinamshika. Tazama." Nikamketisha mtoto humo taratibu, mkono wa plasta nikiupitisha juu ya mkanda. "Kinamshika hapa mabegani na hapa kiunoni, kama unavyomshika wewe. Gari likisimama, naye anasimama nalo. Bwana akikaze kwa bolti hizi, asitumie waya, na aangalie nati kila mwezi."

Hazikupita hata dakika mbili. Mtoto alikaa kimya akizitazama nyuzi za mkanda. Mama aliuvuta mmoja, akauvuta wa pili, akaona haiachii.

"Kumbe ni kushika," alisema.

"Ni kushika."

"Sasa siku ile mbona hukusema kushika?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama akina mama wanavyouliza kliniki, kichwa kimeinama upande, tayari kuelewa. Duka lilikuwa tupu. Nikasema, "Neno halikunijia."

"Hata wewe," alisema, akacheka kwa upole. "Hata wewe maneno inakukimbia." Akainama chini ya kaunta akatoa mfuko wa karatasi, akausukuma kwangu. Ilikuwa sukari, kilo mbili, wakati ambapo sisi tulikuwa tukinywa chai bila sukari tangu mwezi uliopita. Nilikataa mara moja, kwa adabu. Hakunilazimisha mara ya pili; aliuweka tu ndani ya kikapu changu cha sokoni na kukifunika kwa kanga yangu mwenyewe, ili wa njiani wasiuone.

Jioni mume wangu alionja chai, akakiweka kikombe chini, akanitazama kwa mshangao wa furaha. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia nimepewa na mama mmoja wa kliniki, kwa sababu ya maelezo.

"Unastahili," alisema, akamchovyea mtoto kidole.