Mlango wa Pili Chini ya Wanale

Saa mbili na ushee asubuhi, wauza chapati wa mjini Mbale wameshahamia upande wa kivuli. Huku Wanale, chini kabisa ya mlima, Metrine Nasimiyu bado amejifunga shuka mabegani. Amesimama katikati ya nyumba yake ya plastiki, ile ambayo kila mtu huiita grinihausi, uso ameuinua juu kwenye paa. Anangoja jua livuke mlima.

Hagusi ndoo. Hafungui bomba. Majani ya nyanya yana matone yaliyodondoka kutoka kwenye plastiki usiku, naye anayafuta machache kwa pembe ya shuka, kama mtu anayempangusa mtoto kamasi.

"Ungenikuta mwaka juzi, saa hii ningekuwa nishamwagilia kila kitu mpaka chini kunateleza," anasema. "Nilikuwa bado na haraka ya Jinja."

Jinja ndiko alikojifunzia kazi. Alitoka kwao Bungoma, upande wa Kenya, akiwa msichana, akaajiriwa kwenye shamba la kuotesha miche karibu na ziwa. Alishinda ndani ya plastiki kwa miaka minane. Huko adui alikuwa joto. Jua lilitoka mapema bila kizuizi chochote, na kufika saa nne ndani kulikuwa hakukaliki. Maua ya nyanya yalikauka na kupukutika kabla ya kushika tunda.

Dawa yao ilikuwa chokaa. Waliikoroga kwa maji, wakaipaka juu ya plastiki mpaka paa likawa jeupe kama ukuta wa zahanati, jua lipungue makali. Maji walimwagilia alfajiri, kabla joto halijaamka. Metrine anasema hakuna mwanaume pale aliyemshinda kwa kupaka, na ukiona anavyopanda ngazi hata leo, huna la kumbishia.

Ndoa ndiyo iliyomleta Wanale. Mumewe, Mafabi, ni dereva wa lori: wiki hii yuko Malaba, wiki ijayo Mungu ndiye ajuaye. Kiwanja cha grinihausi kilitolewa na baba yake Mafabi, Mzee Masaba. Mzee aling'oa migomba yake kwa mikono yake mwenyewe ili mke wa mwanawe apate nafasi. Hakusema neno, wala hakutarajiwa kusema.

Kwa Wagisu, watu wa kina Mafabi, na kwa Wabukusu wa kwao Metrine vilevile, baba mkwe na mkaza mwana huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Hawaketi ndani ya nyumba moja. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja hupisha. Likiwepo la kusemwa, hupitia kwa mama mkwe. Lakini mama mkwe, Nambozo, alifariki kabla nguzo ya kwanza ya grinihausi haijasimama.

"Kwa hivyo katikati yetu hakukuwa na mtu," anasema Metrine. "Bwana yangu yuko barabarani. Mimi na mzee tulikuwa tunasikiana kikohozi tu."

Mzee Masaba amelima chini ya mlima huo tangu utoto. Alijua kuwa jua huchelewa hapo, kwa sababu mlima uko upande linakotokea, na kwamba baridi hushuka mapema jioni. Metrine alijua Jinja. Akapanda miche mia nne, akapanda ngazi, akapaka chokaa.

Miche ilirefuka haraka, akafurahi. Hata picha alizipiga, akawatumia wenzake wa Jinja wamwonee wivu. Baadaye ndipo alipoona kwamba mashina ni membamba na majani yamepauka. Mche unaonyimwa mwanga hukimbilia juu kuutafuta, ukasahau kunenepa.

Baridi nayo ikamtia hofu, akawa anashusha mapazia ya pembeni tangu alasiri ili joto lisitoke. Unyevu ukakosa njia. Maji aliyoyamwaga alfajiri yakabaki kwenye majani, yakingoja jua ambalo halikuwa na haraka ya kufika. Haukupita muda, ugonjwa wa baka ukaingia, majani yakaanza kuwa meusi pembeni.

Katika wiki hizo hizo likazuka jambo lingine. Kila akirudi kutoka sokoni, alikuta kona moja ya paa, ile ya nyuma iliyo karibu na nyumba ya mzee, imeoshwa. Chokaa yote imetoka. Akapaka upya. Ikaoshwa tena. Akawashuku watoto wa jirani, kisha akamshuku mtu mwenye kijicho.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alisimama nje, mikono kiunoni, akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia.

"Nilitukana," anasema, na hapo anageuza uso. "Nilisema huo mkono unaoniharibia nyumba ukauke. Nilisema huyo mchawi aende akaroge kwao."

Upande wa pili wa plastiki, Mzee Masaba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yake akichambua maharage. Alisikia kila neno.

Asubuhi iliyofuata alifunga blanketi lake, akapanda bodaboda, akaenda Nakaloke kwa binti yake, Nandutu. Metrine alidhani ameenda kusalimia. Zilipopita wiki mbili akaona uani kwa mzee kumejaa majani makavu, akachukua ufagio kwenda kufagia. Nyuma ya jiko akaukuta mwanzi mrefu umeegemezwa ukutani. Kwenye ncha umefungwa matambara kwa kamba ya mgomba, na matambara yamegandamana kwa chokaa.

"Nilikaa chini pale pale, na ufagio mkononi," anasema.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma, ambayo kwa hasira alikuwa ameacha hata kuitazama. Miche ya hapo ilikuwa mifupi na minene, majani yake ya kijani kibichi sana, na chini yake nyanya zimening'inia. Kona hiyo ilimpa makreti mawili. Miche mingine yote aliing'oa na kuichoma moto.

Mzee asingeweza kuingia ndani kumwelekeza, wala kumwita pembeni kumweleza. Mjumbe wao alikuwa kaburini. Alifanya lililowezekana, naye Metrine akalijibu kwa matusi. Inauma kulisikia, na yeye mwenyewe halipambi. "Mkono nilioulaani ndio ulikuwa unanisaidia," anasema. "Hiyo siwezi kuitoa kichwani. Nikipika naikumbuka, nikiomba naikumbuka."

Mafabi alikwenda Nakaloke kuomba radhi kwa niaba ya mkewe, akiwa na kuku na sukari. Kuku alipokelewa. Mzee hakurudi.

Nandutu, anayeuza vitunguu katika soko la Nakaloke, anasema babake hana kinyongo. "Mzee hana kasirani na yeye," anaeleza huku akifunga vitunguu mafungu. "Lakini mtu mzima akisha kufukuzwa na maneno, kurudi iko ngumu. Kila mtu ya Wanale akipita hapa, anamuuliza kama mvua imenyesha huko."

Mzee mwenyewe hakutaka kuhojiwa. Aliitikia salamu kwa upole, akauliza kama jana Wanale kulikuwa na mvua, kisha akarudi kwenye kiti chake nyuma ya nyumba ya binti yake. Hapo hana mgomba hata mmoja wa kupogoa.

Kwa Metrine, kazi imenyooka. Chokaa aliiosha yote kwa mwanzi ule ule. Mapazia huyashusha jua likianza kuzama, tena huacha nafasi kwa juu ili unyevu upate pa kutokea. Maji humwagilia chini kwenye mizizi, na si kabla ya jua kuvuka mlima.

"Zamani nyanya yake ilikuwa laini, inalia maji kwa njia," anasema Hadijah, mchuuzi wa sokoni Mbale anayenunua kwake. "Saa hii iko ngumu. Mimi natafuta yake kwanza."

Metrine akiambiwa sifa hizo hutabasamu nusu, kisha husema ni za mzee.

Mwezi uliopita alimwita fundi, akamwonyesha ukuta wa nyuma wa grinihausi, ule unaotazamana na nyumba tupu ya mzee. Akataka mlango hapo. Fundi alimuuliza milango miwili ya nini kwenye chumba cha nyanya, joto si litatoroka? Metrine akamwambia apige misumari.

"Akikubali kurudi, ataingia kwa huu na mimi nitatoka kwa ule," anaeleza. "Hatukutani, hatuvunji heshima. Ataangalia, akitaka kurekebisha kitu atakirekebisha. Nikirudi nitaona mkono wake umepita wapi, na sitafuta." Mafabi ameshapeleka habari za mlango huo Nakaloke. Jibu halijaja.

Jua linavuka mlima. Mwanga unaingia kwa mara moja kupitia paa, na matone kwenye majani yanaanza kukauka. Metrine anakwenda nyuma, anafungua mlango mpya, anauzuia kwa jiwe usijifunge. Kisha anatoka kwa ule wa zamani, anaketi juu ya kreti lililopinduliwa, mgongo ameupa grinihausi. Anafanya hivi kila asubuhi.

Anakaa muda wa kumtosha mzee kuingia, kupita kati ya mistari na kutoka bila haraka. Hageuki kutazama. Kisha anainuka, anarudi ndani, anachukua maji na kuanza kumwagilia, kwanza ile kona ya nyuma.