Zamu za Kumpeleka Mzee Chooni

Mume wetu alikuwa fundi cherehani Buguruni, akikaa na bi mkubwa. Mie, mke mdogo, nilikuwa Temeke. Alipoanza kutetemeka mikono aliacha kushona; miguu ilipokuwa mizito akaacha hata kuja kwangu. Nikafunga mizigo, nikamfuata. Tukawa watu watatu nyumba moja, na mie na mke mwenzangu tulikuwa hatusemezani mwaka wa sita.

Mikono tuliizoea. Kilichotushinda ni mkojo. Ukimbana, unambana papo hapo, na miguu nayo inagoma kuinuka. Bi mkubwa akaamua kumnyima maji. Mie sikuambiwa, nikawa namnywesha madafu. Tukafua kutwa, kila mtu akimlaani mwenzake kimoyomoyo.

Mwishowe tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, kisha akatugeukia sisi.

"Maradhi haya haya ya kutetemeka yamegusa na kibofu. Maji anywe, ila jioni mpunguzieni chai. Msingoje aseme kabanwa. Kila baada ya saa mbili, mpelekeni chooni. Nani atashika zamu?"

"Mie," tukajibu kwa pamoja.

"Basi itabidi mwambizane."

Alasiri ile bi mkubwa alitoka kisimani, akatua ndoo, akasema huku anautazama ukuta:

"Kakojoa?"

"Kakojoa."

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

Tukaishia hapo. Kesho yake akauliza kama ulikuwa mwingi. Wiki ya pili tukakubaliana aache suruali za vifungo, avae msuli, maana vidole vyake vilikuwa vinahangaika na vifungo mpaka anachelewa. Mwezi haujaisha tukawa tunawasengenya majirani.

Kufua kukapungua. Mzee akarudi kukaa barazani na wenzake, jambo aliloliacha kwa aibu.

Siku moja tulikuwa uani tunachambua mchele. Bi mkubwa akanisimulia alivyolia siku niliyoolewa. Nikamwambia na mie nililia, nilitaka mume wa peke yangu. Tukacheka mpaka mchele ukamwagika. Tulipokumbuka saa, zamu ilishapita zamani.

Tukamkuta barazani peke yake, msuli umelowa chapa.

"Afadhali mlipokuwa hamsemezani," akasema.

Bi mkubwa akaenda kuchota maji. Mie nikaingia ndani kutafuta msuli mwingine.