Mzee Aliyelamba Misumari

Cheka ukitaka. Hata dada yangu wa tumbo moja alicheka, mpaka alipokuja kula kwangu jioni moja akaondoka bila kumaliza ugali. Haya niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Nilitoka nyumbani na mume mzima, nikarudi na huyu ninayeishi naye sasa. Kama ninadanganya, Mungu yuko.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa ile mvua ya El Nino. Mume wangu, Baba Chepkoech, alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha majani chai, naye akanunua mashine ya kutafutia sarafu za zamani. Ni fimbo ndefu yenye sahani chini, na masikioni unavaa hedifoni. Tajiri mmoja wa Nakuru alikuwa ananunua rupia za fedha za wakati wa kujenga reli, na sisi hatuko mbali na Kipkelion, ambako zamani kando ya reli kulikuwa na kambi ya wajenzi. Kambi ilikwisha. Kilichobaki ni mteremko wa nyasi, na chini ya nyasi, chuma.

Na chuma kile si mchezo! Misumari, bolti, minyororo, vipande vya karai. Chuma hunguruma kwenye mashine, fedha huimba kwa sauti nyembamba. Lakini msumari ukilala juu ya rupia, utasikia mngurumo tu, na rupia utaipita. Kwa hivyo unachimbua, unatoa takataka yote ya chuma kwa mkono, halafu unapitisha mashine tena polepole. Na nani alikuwa wa kutoa takataka? Mimi, nani mwingine! Nilinuka kutu hata ng'ombe akawa ananipiga teke nikienda kumkama.

Alasiri hiyo ukungu ulishuka kutoka upande wa mashamba ya chai. Nikasema twende nyumbani, yeye akasema ngoja kidogo. Kugeuka hivi, namwona mzee amechuchumaa kwenye rundo langu la misumari. Sikusikia akija. Alikuwa na koti zito la zamani, na masikio yake yalikuwa yametobolewa na kuvutwa, kama walivyofanya wazee wetu wa kale.

"Chamgei, mzee," mume wangu akamsalimia.

Mzee alikuwa na msumari mdomoni.

Niamini, alikuwa anaulamba! Alitoa ulimi mpana, mweusi, akaupitisha kwenye ule msumari wenye matope kutoka kichwani mpaka nchani. "Chuma," akasema, akautupa. Akachukua mwingine, akalamba. "Chuma." Mate yalimtiririka kidevuni, mekundu, mazito kama uji wa wimbi. Woi! Nikamvuta mume wangu shati tuondoke, lakini yeye alikuwa amekodoa macho. Mzee alikuwa ameokota donge la udongo, akalitia lote mdomoni, akalitafuna huku mchanga ukisagika menoni, kisha akatema rupia. Ilikuwa safi, na kichwa cha malkia kilionekana vizuri.

"Mzee, umejuaje iko hapo?" mume wangu akauliza.

"Ulimi haudanganyi. Hiyo mashine yenu ni kiziwi."

Mume wangu akacheka, akamwelekezea mashine tumboni kwa utani. Alikuwa amevua hedifoni, ziko shingoni, kwa hivyo hata mimi nilisikia. Iliimba! Haikunguruma hata kidogo. Iliimba ile sauti nyembamba kutoka kifuani mpaka kiunoni, kama mtu aliyejazwa rupia ndani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilishika jembe nikarudi nyuma.

"Leteni mikono niwabariki," mzee akasema.

Hapo sasa lazima unielewe. Kwetu Wakipsigis, mzee akikutemea mate mikononi amekubariki, na kuyakataa mate yake ni kujitafutia laana. Babu yangu alinitemea nilipoolewa, nikalia kwa furaha. Lakini babu nilimjua, nilijua ukoo wake na boma lake. Huyu hatukumuuliza hata ni mtoto wa nani. Mume wangu alilelewa vizuri, na hicho ndicho kilichommaliza. Aliweka mashine chini, akainamisha kichwa, akatandaza viganja.

Mzee akakohoa kutoka ndani kabisa. Lo! Kilichotoka hakikuwa mate. Lilikuwa rojo la kutu lenye nywele na kucha za watu, na rupia zikielea ndani, likamwagika viganjani mwa mume wangu, pwaa. Lilinuka damu iliyochacha. Naye mume wangu akasema, "Kongoi," yaani asante. Akashukuru!

"Na wewe, mama," mzee akaniambia, akijipangusa midomo kwa ule ulimi.

"Toa mikono!" mume wangu akanifokea. "Unataka tulaaniwe?"

Nikaficha mikono ndani ya leso. Nikasema, "Nisamehe, mzee, nasikia kutapika." Na kweli nikatapika, nikachafua viatu vyangu. Nilipoinua kichwa, mzee hakuwapo. Nyasi pale alipokuwa amechuchumaa zilikuwa zimesimama wima na umande wake.

Tulipofika nyumbani zile rupia zilikuwa maganda ya kutu tu, yakavunjika mfukoni. Mume wangu alininunia, akisema dharau yangu ndiyo imeharibu baraka. Kisha akaanza. Anamaliza chai, kijiko kinabaki mdomoni. Siku nyingine nikamkuta zizini analamba mnyororo wa ng'ombe, amefunga macho kwa utamu. Upepo ukaja ukang'oa mabati yetu, kumbe misumari ilikuwa imetolewa mmoja mmoja! Hospitali walimpasua wakatoa vitu ambavyo sitavitaja, labda unakula. Pasta alimwombea. Wazee wa ukoo walimnyunyizia maziwa. Siku moja alilia kama mtoto, akaniambia, "Mama Chepkoech, nifunge mikono." Nikamfunga, na mimi nikilia. Mlango wetu leo unafungwa kwa kamba, na chai anakorogewa kwa kijiti. Mimi mwenyewe siwezi kunywa chai kutoka kikombe alichogusa, na ninamwonea huruma, lakini kinyaa hakisikii huruma.

Mwaka jana Chepkoech alileta mjukuu wetu wa kwanza, amwombe baba yake ambariki. Mume wangu sasa ni mzee mwenye mvi. Hiyo ni haki yake na alikuwa akiingoja kwa miaka. Binti yangu akanyoosha viganja vya mtoto, vidogo hivi. Mume wangu akainama. Nikaona mate yakijikusanya kwenye midomo yake, mekundu. Kabla sijapiga kelele, yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatoka nje mbio, akajifungia jikoni. Tulimsikia akimeza.

Basi wewe unayepita peke yako huko kwenye vyuma vya zamani, sikia. Mtu usiyemjua akitaka kukubariki, na tumbo lako likikataa, sikiliza tumbo. Acha uitwe mkosa adabu. Mimi naitwa hivyo mpaka leo, na mjukuu wangu nilimbariki mimi.