Mtungi Uliotoka Jasho Jeusi

Mtungi ule niliupakata kwenye gari la moshi kutoka magharibi, nilipoletwa Thika kuwa bibi wa mtu. Mama aliufinyanga mwenyewe, akafa mwaka huohuo. Kitu kingine chake sikuwa nacho.

Tulikaa chumba kimoja Makongeni. Mume wangu alifanya kazi kiwandani, kusaga magome ya muwati yale ya kutengenezea ngozi. Jirani yangu Mkikuyu akanifundisha kutia rangi nyuzi za katani za kusukia vyondo, vile vikapu vyao: unazilowesha kwenye maji ya magome. Chombo kikubwa sikuwa nacho, nikazilowesha kwenye mtungi wa mama. Nikausugua kwa mchanga, nikaurudisha kwenye kazi yake ya kutunza maji ya kunywa.

Kisha mfereji ukakauka. Nikaujaza mtungi maji ya pipa kuukuu la chuma, lililoshikwa na kutu.

Asubuhi mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, akaniita kwa sauti ya matanga. Mtungi wa udongo hutoka jasho, hilo kila mtu anajua. Wangu ulitoka jasho jeusi kama masizi, likiteremka tumboni pake.

Majirani wakajaa mlangoni. Mmoja akauliza kama nimeunywesha wino. Mama mkwe hakucheka. Alisema chombo cha marehemu kikilia kinamwita mtu, na mgongoni nilikuwa nimembeba mtoto mchanga.

“Uvunje, mwanangu, au niuvunje mimi.”

Mkono wangu ulikataa. Akachukua mchi, akagonga shingo ya mtungi; kipande kikaanguka.

Nilikiokota nibaki hata na hicho. Nikaona pale kilipovunjika: ndani chekundu, nje chekundu, na katikati ya udongo umepita uzi mweusi. Katikati kabisa, mahali mkono wa mtu haufiki. Nikakilamba. Ladha ya magome.

“Mama, ngoja.”

Nikatafuta nje kigae kilichotupwa, nikakilowesha maji ya magome mpaka kikashiba, nikakiweka mbele yake. Juu nikadondosha maji ya pipa. Tukakiinamia sote. Weusi ukaota kutoka ndani ya udongo, polepole, kama unaamka. Maji mawili, ya magome na ya kutu, yamekutana humo gizani, na hakuna aliyeutia weusi ule.

Mama mkwe aliuweka mchi chini. “Kumbe udongo una tumbo,” akasema, akaomba kile kigae aende nacho kwao.

Mtungi ninao hadi leo. Wajukuu wangu hupenda kutia kidole kwenye lile pengo, na mimi huwaacha.