Miche Iliyopinda Kila Upande

Katika kitalu kimoja cha miche ya nyanya, bwana mmoja mpole ambaye wenzake walimbandika jina la Kimya alikuwa na kazi moja kila asubuhi: kugeuza trei. Banda lilipata mwanga upande wa dirisha tu. Kwingine ukuta mtupu. Mche mchanga huhisi mwanga kwa ncha yake, na upande wa shina ulio kivulini hurefuka kuuzidi ule wa mwangani, basi shina likapinda kuelekea dirishani. Ukiugeuza kila siku, hunyooka. Ili asijichanganye, Kimya alipaka doa jekundu kwenye kona ya kila trei. Leo doa dirishani, kesho ukutani.

Sasa doa lilikuwa likimpotea.

Mwanzoni alidhani rangi imepauka, akapaka upya. Wapi! Wekundu wa rangi na weusi wa plastiki vilikuwa kitu kimoja, na katikati ya kila alichotazama palikaa ukungu. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, akaishia gizani. Kimya hakumwambia mtu, hata mkewe. Akageuza kwa kubahatisha, roho mkononi.

Siku moja msimamizi, mwanamke mwenye ulimi mkali, akasimama mlangoni akacheka.

"Kimya, miche yako imelewa? Hii inatazama huku, ile kule, kama mawifi waliogombana!"

"Itanyooka, mama."

"Lini? Haya, nionyeshe trei ulizogeuza leo."

Akainama hadi majani yakamgusa pua, akanyoosha kidole. "Hii hapa."

"Doa liko wapi?"

Akashika kona.

"Hapo hapana kitu, baba." Ukali ulikuwa umemtoka. "Hebu nitazame. Nimejifunga kitambaa cha rangi gani kichwani?"

Kimya akamtazama. Aliona mabega, na juu ya mabega, ukungu.

"Sikuoni uso," akasema. Akashika meza.

"Mkeo anajua?"

"Hajui."

"Basi mpigie, aje twende hospitali. Macho huwahiwa, hayafichwi."

"Na kazi yangu?"

"Sijui," akajibu msimamizi, na kwa vile hakumdanganya, Kimya akazidi kuogopa. Akatoa simu mfukoni, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Mwisho akampa.

"Nitafutie jina lake, mama. Mimi nitaongea."