Kitambaa Kilichokataa Kukauka

Unakijua chumba unacholala? Sikuulizi kina madirisha mangapi wala umekipaka rangi gani. Nakuuliza kama unajua hewa yake inatembeaje wakati haupo, kona ipi huwa baridi mchana, ukuta upi ukiugusa unakuachia unyevu kiganjani kama mkono wa mtu mwenye wasiwasi. Hujui. Hata mimi nilikuwa sijui, na nilikuwa na shahada ya sayansi.

Shangazi yangu alijua. Mtaani kwetu wanamwita Bi Kitambaa. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka ishirini na tisa. Alifua mashuka ya waliopona na ya wasiopona, akayaanika kwenye kamba zilezile, na katika kazi hiyo akapata elimu ambayo sijaikuta kwenye kitabu chochote: aliweza kuisoma hewa kwa kugusa nguo. Alipostaafu aliujaza ua wa nyumba yake makangaga, ile mimea isiyotoa maua wala mbegu, ambayo jani lake changa huzaliwa limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, kisha hufunguka taratibu mpaka unajiuliza lilikuwa limeshika nini.

Hakuwa na habari na majina yake ya kitaalamu. Aliyapa ya kwake. Ngozi lilikuwa lile la majani mazito, linalovumilia ofisi zenye kiyoyozi. Sindano lilikuwa na majani membamba yaliyosimama wima. Pembe halikupandwa kwenye udongo kabisa. Alilifunga kwenye kipande cha ubao na kulitundika ukutani kama kichwa cha mnyama. Na Nywele, lenye vijiti vyeusi vyembamba na vijani vinavyotetemeka ukipumua karibu, ndilo alilolipenda kuliko yote na kuwapa watu kwa shida kuliko yote.

Maana shangazi hakuuza mmea kwa kuutazama. Mteja akija na kunyoosha kidole, "Nataka lile kubwa pale," alimjibu, "Lile halikutaki wewe." Kisha alikwenda nyumbani kwa huyo mteja asubuhi, na kitambaa cheupe cha pamba. Alikiloweka, akakikamua mara tatu kwa nguvu zake zote za udobi, akakitundika pale hasa ambapo mmea ungekaa. Kikikauka kabla ya adhuhuri, utapata Ngozi au hupati kitu. Kikikauka alasiri, Sindano. Kikiwa bado na ubaridi jioni, basi una bahati, chumba chako kinafaa Nywele.

Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha sayansi shule ya sekondari, nikawa naishi kwake. Nilikuja na moto wangu wote wa chuoni. Niliamini kwamba ujinga ni giza na kazi yangu ni kuwasha taa, kuanzia nyumba niliyolala.

"Shangazi, kuna kifaa cha kupimia unyevu wa hewa. Kidogo tu, kinaenea mfukoni."

"Kinanusa?"

"Hapana, hakinusi."

"Basi hicho ni nusu ya kitambaa," alisema, akaendelea kumwagilia makangaga yake pembeni mwa chungu, kamwe si katikati, kwa sababu kangaga ukilimwagia moyoni linaoza.

Siku moja alikuja Mwalimu Mkuu. Alikuwa amestaafu muda mrefu, lakini nusu ya mtaa ilijua kusoma kwa sababu yake, mimi nikiwemo. Kidole chake ndicho kilichoniongoza kwenye herufi yangu ya kwanza. Mumewe, karani wa posta, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, chumbani mwao, kitandani mwao. Tangu siku hiyo mama wa watu alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni.

"Nimechoka kulala nimejikunja kama barua," alimwambia shangazi. "Nataka kurudi chumbani kwangu. Lakini kile chumba kimekufa, Bi Kitambaa. Nitilie kitu chenye uhai mle, nami nitaingia."

Tulikwenda wote. Chumba kilikuwa safi, kimefungwa kwa muda mrefu, kina dirisha moja linalotazama uani. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na rafu za vitabu. Mwalimu alitueleza kwa fahari kwamba marehemu aliujenga ukuta ule kwa mikono yake, likizo yake ya kwanza baada ya ndoa, mbele ya ule wa zamani, ili apate mahali pazuri pa kupigilia rafu.

Shangazi alitundika kitambaa kwenye msumari karibu na kitanda. Jioni tulirudi. Kilikuwa kimelowa vilevile. Akakiacha. Tuliporudi kesho yake asubuhi, alikishika kwa mikono miwili. Kisha akakikamua, na maji yakachuruzika sakafuni.

"Nilikikamua mara tatu kwa mikono hii," alisema. "Maji haya si yangu."

Akakiweka puani. Nilimwona akifumba macho, na alipoyafumbua hakumtazama mtu.

"Sina kangaga la chumba hiki, Mwalimu. Na wewe usilale humu."

"Nilale wapi, jikoni?"

"Ukilala jikoni, utaamka jikoni."

Mwalimu alicheka, lakini kicheko chake kilikatika njiani. Mimi sikucheka. Niliona haya. Mbele ya mwanamke aliyenifundisha herufi, shangazi yangu alikuwa ananusa kitambaa na kufukuza watu vyumbani mwao! Njiani nilimwuliza harufu yenyewe ilikuwa ya nini.

"Ya shuka la mtu aliyelala muda mrefu bila kugeuzwa," alisema, akaongeza mwendo.

Nilifanya nililolifanya kwa moyo safi, na hilo ndilo linaloniuma. Kesho yake, shangazi alipokwenda kutafuta mkaa wa kuchanganya na udongo, nilichukua Nywele lake kubwa kuliko yote, mama wa yale mengine, nikampelekea Mwalimu. Nilimwambia unyevu ni sifa njema kwa kangaga, kwamba chumba chake kilikuwa kizuri kuliko vyote mtaani, na kwamba watu wazima wakati mwingine wana hofu zao. Nililiweka dirishani. Alinishika kichwa kama zamani. Siku hiyohiyo alihamisha mto wake kutoka kwenye kochi kwenda kitandani.

Nilirudi baada ya siku kumi na mbili. Kangaga la namna ile hutoa jani moja, pengine mawili, kwa muda huo. Nilihesabu majani mapya tisa. Yote yalikuwa yamegeukia ukutani na kulipa dirisha kisogo.

Kila mmea ninaoujua hufuata mwanga. Hilo nalifundisha kidato cha kwanza.

"Nimeligeuza mara tatu," alisema Mwalimu. "Linarudi." Alikuwa na uso wa furaha, uso wa bibi harusi, lakini alikuwa amekonda na kikohozi chake kilikuwa na maji ndani. "Keti hapa, mwanangu. Weka sikio lako ukutani."

"Mwalimu, mimi..."

"Weka sikio. Huogopi ubao, unaogopa ukuta?"

Niliweka. Plasta ilikuwa baridi na laini kidogo, kama inakubali kusukumwa. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha kikaja, kutoka ndani kabisa: sauti ndefu ya kuvuta, kimya, halafu ya kuachia. Tena kuvuta. Nilijitoa haraka mpaka vitabu viwili vikaanguka kutoka kwenye rafu.

"Umemsikia," alisema kwa upole. "Hakuwahi kukoroma, alikuwa anapumua hivyo hivyo. Nimesogeza kitanda kikagusana na ukuta. Miaka thelathini na minne nimelala karibu naye, sasa nimerudi."

Nilitafuta sababu ya kisayansi njia nzima. Hewa kwenye nyufa. Panya. Sikuikubali hata moja, maana sikio langu lilikuwa bado baridi.

Shangazi nilimkuta uani, ameketi mbele ya rafu ya mbao pale ambapo Nywele kubwa lilikuwa likikaa. Kulikuwa na duara safi kwenye vumbi.

"Shangazi, nina jambo la kukuambia."

"Duara limeshaniambia umelichukua, halikuniambia umelipeleka wapi. Nilikuwa nangoja mdomo wako ukue."

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye majani yaliyogeukia ukuta aliacha kusafisha kucha zake. Nilipofika kwenye kitanda kilichosogezwa alisimama na kuvaa viatu.

"Kitambaa hakikukataa kangaga," alisema. "Chumba kile kangaga lolote lingestawi. Kilimkataa yeye. Nami nilidhani nikimnyima mmea hataingia. Ukaenda kumfungulia mlango, msomi wangu."

Mwalimu alitupokea vizuri, lakini aliposikia tulichofuata alijifunga kanga kiunoni.

"Kwa hiyo umekuja kunitenganisha na mume wangu, Bi Kitambaa?"

"Nimekuja kukuomba usiku mmoja. Lala kwangu leo. Kesho rudi, nami sitakanyaga tena hapa."

"Una wivu. Umezoea kushika shuka za wagonjwa, kila kitanda unakiona cha hospitali."

"Mwalimu, nimeshika nyingi, ndiyo maana nakuomba."

"Hapana."

Alisema hapana ile ya darasani, ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuipita. Shangazi aligeuka. Alinitazama, na macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo, na hapo nikajua kwamba zamu ilikuwa yangu. Nilisimama kama nilivyosimama mbele ya Mwalimu nikiwa na miaka saba, mikono nyuma.

"Mwalimu, nimekosea," nilisema. "Lile kangaga nililiiba. Na niliyokwambia kuhusu chumba hiki nilikuwa siyajui. Nilitaka tu kuonekana najua. Nimesikia nilichosikia ukutani, na sina jina lake. Naogopa. Tafadhali usilale hapa leo."

Mwalimu alilegeza fundo la kanga kiunoni. Nyuma yake, kwenye mlango wa chumba uliokuwa wazi nusu, niliona vijani vya kangaga vikitetemeka, na dirisha lilikuwa limefungwa.

"Katika miaka yote niliyofundisha," alisema mwishowe, "mtoto aliyesimama akasema amekosea, sikumnyima alichoniomba. Nisianze leo." Akaingia chumbani. Tulimsikia akisema maneno machache kwa sauti ya chini, kama mtu anayeaga kwamba anakwenda dukani na atarudi sasa hivi. Akatoka na kikapu kidogo na kufunga mlango.

Alilala kwenye kitanda cha shangazi, chumbani, dirisha likitazama ua wa makangaga, na shangazi alilala sakafuni kando yake. Mimi nililala sebuleni, yaani nililala macho.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliamka anakohoa kidogo tu, akagundua amesahau miwani yake kwenye mto. Alinipa ufunguo. Kulikuwa kumepambazuka vizuri, watu wanafagia mbele ya milango yao, redio zinazungumza. Niliingia nyumbani kwake nikiwa nimejipa moyo. Nilifungua mlango wa chumba na kusimama kizingitini.

Kuisikia ile sauti sikuhitaji kuweka sikio ukutani. Ilikuwa imejaa chumba chote: kuvuta, kimya. Nilingoja kuachia. Kangaga dirishani lilikuwa limetulia tuli, majani yote yameelekea upande uleule.

Kisha ukuta ukaachia. Haukuanguka kwa ghafla. Ulitoa tumbo kwanza, rafu zikainama, vitabu vikateremka kimoja kimoja, halafu ukuta mzima ukajilaza juu ya kitanda, polepole, kama mtu mzito anayerudi mahali pake pa kulala. Mto ulipotea. Miwani niliisikia ikivunjika chini ya matofali.

Vumbi lilipotua nikaona ndani. Kati ya ukuta wa marehemu na ule wa zamani kulikuwa na uwazi wa upana wa mtu, na humo lilipita bomba la mvua kutoka paani, lile alilolifunika kwa ajili ya rafu zake, limeoza na kupasuka kutoka juu hadi chini. Maji ya masika yote yalikuwa yameingia mle. Jibu la kisayansi lilikuwa mbele yangu, zima, na halikunisaidia kitu.

Kwa sababu uwazi ule ulikuwa umejaa makangaga. Yalikuwa yamekulia gizani, meupe kama mashuka ya hospitali, marefu kunizidi, mengi yasiyohesabika, na kila moja lilikuwa limekunja kichwa chake kuelekea upande wa kitanda. Jua la dirishani liliyafikia kwa mara ya kwanza. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, nikayaona yakianza kuinama, moja baada ya jingine, bila haraka, kama watu wanaoketi baada ya kusimama muda mrefu wakimngoja mtu ambaye hakuja.